Nani Ananidai? Maisha na Enzi ya Louis wa Tisa, Mfalme wa Ufaransa

(Hotuba niliyoitoa mbele ya walimu na wanafunzi wa historia. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.)

Wazee wangu shikamooni. Walimu wenzangu, na ninyi vijana mliowahi viti vya mbele, nawashukuru kwa kuja.

Mwaka 1247 watawa wa Kifransisko na wa Kidominiko walianza kuzunguka mikoa ya Ufaransa wakiwa na kazi ambayo watu hawakuizoea. Hawakuja kuhubiri wala kukusanya kodi. Walikaa, wakaita watu, wakauliza: mfalme, au yeyote anayefanya kazi kwa jina la mfalme, amekudhulumu nini? Mjane alisema lake, mkulima akasema lake, yakaandikwa. Baadhi ya maandishi yale yapo hadi leo. Ndani yake kuna watu ambao historia ya wafalme kwa kawaida haiwafikii: aliyenyang'anywa mnyama wake, aliyetozwa faini bila kosa, ambaye shamba la baba yake liliishia mikononi mwa ofisa.

Kwetu, maiti ikiwa imelazwa mbele ya watu, kabla haijabebwa, ndugu mmoja husimama akatangaza: anayemdai marehemu ajitokeze. Louis wa Tisa alitoa tangazo hilo juu ya nafsi yake mwenyewe, akiwa hai, na umri wake miaka thelathini na ushee tu. Alikuwa anajiandaa kwenda ng'ambo katika Vita vya Msalaba, akaona hawezi kupanda meli na madeni ya watu mgongoni.

Nimemsoma mfalme huyu kwa miaka mingi. Kanisa linamwita mtakatifu, Wafaransa wana sanamu zake, na vitabu vingi vinaanza na vita vyake. Mimi kinachonirudisha kwake kila mara ni hili deni. Kuna madeni aliyoyalipa hata pale ambapo hakuna aliyemdai, na kuna deni kubwa mno ambalo hakuliona kabisa. Nitayasema yote mawili.

Alizaliwa Poissy, karibu na Paris, tarehe 25 Aprili 1214. Akiwaandikia watu wake wa karibu alipenda kujiita Louis wa Poissy, kwa sababu, alisema, pale ndipo alipobatizwa, na ubatizo ulimpa heshima kuliko taji. Baba yake, Louis wa Nane, alifariki Novemba 1226, na kabla mwezi ule haujaisha mtoto wa miaka 12 alikuwa ameshapakwa mafuta mjini Reims. Nchi ikabaki mikononi mwa mama yake, Blanche wa Castile. Mama mgeni, kutoka Hispania, mjane, na mtoto mdogo kitini: mabwana wakubwa wenye ngome zao waliona nafasi yao imefika. Walipanga kumteka mtoto njiani. Yeye na mama yake wakajifungia katika ngome ya Montlhéry, kusini mwa Paris, na hapo wananchi wa Paris wakatoka na silaha kwenda kuwachukua. Louis alikuja kumsimulia rafiki yake kwamba kutoka Montlhéry mpaka Paris barabara ilijaa watu, wenye silaha na wasio na silaha, wakimwombea Mungu ampe maisha marefu. Mtoto aliyeyaona hayo hayasahau. Pengine deni lake la kwanza lilianzia pale.

Rafiki huyo ni Jean wa Joinville, bwana mmoja wa Champagne, aliyekaa na mfalme vitani miaka sita na kuandika kumbukumbu zake uzeeni. Alizimaliza mwaka 1309, miaka yake themanini na zaidi. Mengi nitakayosema yametoka kwake. Nampenda Joinville kwa sababu alimpenda mfalme bila kumwogopa, na pale mfalme alipokosea ameandika amekosea.

Ni yeye aliyeandika habari za ngazi ya Pontoise. Louis alimwoa Marguerite wa Provence mwaka 1234, binti wa miaka kumi na mitatu hivi. Mama mkwe Blanche hakutaka kuwaona pamoja mchana. Katika jumba la Pontoise chumba cha mfalme kilikuwa juu na cha malkia chini yake, na kati yao ngazi ya mzunguko. Basi vijana wale wakawa wanakutana ngazini kuzungumza. Mama akielekea chumba kimoja, mtumishi anagonga mlango kwa fimbo, na mke au mume anakimbilia kwake. Huyu ni mfalme wa Ufaransa, jamani, anamkimbia mama yake ngazini ili aongee na mkewe.

Walizaa watoto 11. Lakini Joinville anasema kwamba alipokuwa ameshakaa naye ng'ambo miaka mitano, alikuwa bado hajamsikia mfalme akimtaja mke wala watoto wake, na akaandika wazi kwamba haikuwa vizuri kuwa mgeni namna ile kwa watu wa nyumba yako. Nalitia hili kwenye hesabu yake.

Desemba 1244 Louis aliugua hapohapo Pontoise mpaka mmoja wa wanawake waliokuwa wakimuuguza akataka kumfunika shuka usoni, akidhani amekwisha. Mwenzake upande wa pili wa kitanda akakataa: roho bado imo. Wakiwa wanabishana, mgonjwa akarudisha sauti, na jambo la kwanza aliloomba ni msalaba, alama ya kiapo cha kwenda Vita vya Msalaba. Mama yake aliposikia kwamba mwanawe anasema alifurahi mno, na alipouona msalaba, kwa maneno ya Joinville, aliomboleza kana kwamba amemwona amekufa.

Hivyo ndivyo tulivyofika mwaka 1247 na wale watawa. Kabla sijaondoka Paris niseme neno moja kuhusu Sainte-Chapelle. Mwaka 1239 Louis alinunua masalia yaliyoheshimiwa kuwa taji la miiba la Yesu, ambayo mfalme wa Konstantinopoli alikuwa ameyaweka rehani kwa wafanyabiashara wa Venice. Bei yake ilikuwa livre 135,000, livre ikiwa ndiyo fedha ya Ufaransa wakati huo. Kanisa alilolijenga kuyahifadhi, ambalo kuta zake ni kama vioo vitupu, lilitabarukiwa Aprili 1248, na gharama yake inakadiriwa kuwa livre 40,000. Sanduku lilikuwa rahisi kuliko kilichomo. Katika hazina ya kanisa hilo kulikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria na Mtoto, sentimita 41, iliyochongwa kwa pembe ya ndovu, leo iko katika jumba la makumbusho la Louvre. Wapo wanahistoria wa sanaa wanaoona kwamba pembe nyingi zilizofika Paris karne ile zilitoka Afrika, na kwamba pwani yetu ya Waswahili ilikuwa mojawapo ya milango yake. Kila nikiitazama picha ya sanamu ile nawaza mikono iliyoipitisha pembe hadi ikafika kwa fundi wa Paris.

Sasa Misri. Humu ndani tumo Wakristo na Waislamu, kwa hiyo niseme bila kuzunguka: Louis alikwenda kuvamia nchi ya watu. Aliamini anamtumikia Mungu, na waliokuwa ufukweni wakimngoja waliamini vivyo hivyo, nao walikuwa kwao.

Aling'oa nanga Aigues-Mortes Agosti 1248, akakaa msimu wa baridi Cyprus, na Juni 1249 akafika mbele ya Damietta, kwenye mlango wa mto Nile. Hakungoja mashua iguse mchanga. Aliruka na ngao shingoni, maji yakamfika kwapani. Mji ulikutwa umeachwa. Kilichofuata kilikuwa kungoja, mafuriko ya Nile, kisha safari ya polepole kuelekea Cairo. Sultani al-Salih Ayyub alifariki katikati ya vita, na mjane wake, Shajar al-Durr, alikificha kifo chake ili jeshi lisivunjike moyo, amri zikaendelea kutoka kana kwamba mume yu hai. Wakati vijana mnatafuta wanawake walioshika dola, msiishie kwa Blanche. Vita ile ilikuwa na wajane wawili wenye akili, mmoja Paris na mmoja Misri.

Februari 1250, mjini Mansura, Robert wa Artois, mdogo wake mfalme, alikimbilia ndani ya mji na wapanda farasi wake bila kusubiri amri, na karibu wote wakafia vichochoroni. Halafu yakaja magonjwa. Kiseyeye kiliozesha fizi za askari, vinyozi wakawa wanakata nyama iliyooza ili watu waweze kutafuna, na kambi nzima, anasema Joinville, ilisikika vilio kama vya wanawake wenye uchungu wa kuzaa. Mfalme mwenyewe alihara damu hadi ikabidi nguo yake ya ndani ikatwe nyuma. Aliambiwa apande meli ajiokoe. Akakataa kuwaacha watu wake. Aprili walikamatwa, naye akafungwa Mansura katika nyumba ya Ibn Luqman, chini ya ulinzi wa towashi aitwaye Sabih.

Marguerite alikuwa Damietta, mja mzito, siku zake zimetimia. Usiku alilala huku mzee mmoja wa vita, miaka 80, ameketi kando ya kitanda amemshika mkono. Akamwomba jambo: maadui wakiingia mjini, unikate kichwa kabla hawajanishika. Mzee akajibu kwamba alikuwa ameshaliwaza hilo. Siku tatu baada ya habari za kutekwa kwa mumewe alijifungua mtoto wa kiume, akaitwa Jean Tristan, jina lenye huzuni ndani yake. Siku hiyohiyo akasikia mabaharia wa Pisa na Genoa wanataka kukimbia na meli. Aliwaita mbele ya kitanda chake cha uzazi, akawanunulia chakula, akawabakisha. Bila Damietta kubaki mikononi mwake, mumewe asingekuwa na kitu cha kujikombolea. Ufaransa ilidaiwa na mwanamke huyu, na sijaona kwamba ililipa.

Fidia ilikubaliwa kuwa Damietta kwa ajili ya mfalme, maana alisema mtu wa cheo chake hanunuliwi kwa fedha, na livre 500,000 kwa ajili ya watu wake. Alikubali bila kupunguza hata sarafu. Sultani kijana Turanshah alistaajabu kukutana na mtu asiyebishana bei, akaondoa livre 100,000 mwenyewe. Siku chache baadaye Turanshah aliuawa na askari wake, Wamamluki, na maisha ya wafungwa yakaning'inia kwenye uzi. Makubaliano yakadumu hata hivyo: nusu ilipwe kabla hajaondoka. Linganisheni: mapato ya kawaida ya ufalme mzima kwa mwaka yanakadiriwa kuwa livre 250,000.

Fedha zilipimwa kwa mizani, siku mbili mfululizo. Zikapungua livre 30,000, na watawa-askari wa Hekalu, waliokuwa na masanduku melini, wakagoma kukopesha kwa sababu ni amana ya wenyewe. Joinville akainua shoka juu ya sanduku, ufunguo ukapatikana. Yote yakalipwa. Ndipo bwana mmoja akasema kwa furaha kwamba katika kupima wamewapunja Wamisri livre 10,000. Mfalme akakasirika. Joinville alimkanyaga mguu yule bwana anyamaze, akajaribu kuligeuza kuwa mzaha. Haikusaidia. Mfalme alisema aliahidi 200,000, basi kama kumebaki chochote kikalipwe, kwa adui, waliomfunga, waliomuua ndugu yake.

Nimekisoma kisa hiki darasani mara nyingi, na kila mara kuna mwanafunzi anayeuliza: kwa nini? Hawakujua, wasingejua. Nami sina jibu zaidi ya kwamba yeye alijua.

Baada ya hapo alibaki miaka minne katika miji ya pwani ya Shamu, yaani Acre, Caesarea, Jaffa na Sidon, akijenga kuta na kukomboa wafungwa waliosalia. Mama yake alifariki Novemba 1252 naye yuko mbali. Alirudi nyumbani 1254, amebadilika, mavazi ya thamani ameyaacha. Desemba mwaka huohuo alitoa amri kwa maofisa wake wote. Ofisa asipokee zawadi, isipokuwa matunda, mkate au divai ya thamani ndogo. Asinunue ardhi mahali anapotawala. Asiozeshe watoto wake huko bila ruhusa. Akimaliza kazi asiondoke mara moja, abaki siku kadhaa palepale, ili wenye malalamiko wamkute. Kipengele hicho cha mwisho ningependa mkiandike kwenye madaftari yenu.

Kila mtu amesikia habari za mwaloni wa Vincennes: mfalme baada ya misa anakaa chini ya mti, watu wanamzunguka, anauliza kama kuna mwenye shauri, na hakuna mlinzi wa kumzuia mtu. Ni kweli, Joinville aliona. Lakini haki ya Louis ilipimwa zaidi mwaka 1259. Enguerrand wa Coucy, mmoja wa mabwana wakubwa wa kaskazini, aliwakuta vijana watatu wa Flanders msituni mwake. Walikuwa wamekuja kukaa na watawa ili wajifunze Kifaransa, na walikuwa wakifukuza sungura kwa pinde. Akawanyonga bila kesi. Louis aliagiza akamatwe na askari wa kawaida, akamweka ndani katika ngome ya Louvre. Mabwana wote waliokuwepo wakasimama upande wa mwenzao. Mfalme alitaka uhai kwa uhai, mwishowe akakubali faini nzito na makanisa ya kuwaombea marehemu. Adhabu ilikuwa ndogo kuliko damu, najua. Ila bwana wa ngome alikuwa amelala rumande kwa ajili ya vijana watatu wageni.

Mwaka huohuo alifunga mkataba na Henry wa Tatu wa Uingereza. Henry aliachia madai yake ya Normandy, Anjou, Maine, Touraine na Poitou, naye Louis akamrudishia haki na ardhi kusini magharibi, katika Limoges, Cahors na Périgueux. Washauri wake walilia: kama si haki yetu, rudisha zote, na kama ni haki yetu, usirudishe hata shamba. Alijibu kwamba wake zao ni dada wa tumbo moja na watoto wao ni ndugu, kwa hiyo amani ifae, na kwamba Henry sasa atakuwa mtu wake kwa kiapo. Siku moja, mfalme akiwa mgonjwa Fontainebleau, alimwambia mwanawe mkubwa kwamba afadhali aje Mskoti kutoka Skotland aitawale nchi vizuri kuliko mwanawe huyo aitawale vibaya.

Hapa ningependa kunyamaza, lakini nimeahidi.

Mwaka 1240 Talmudi, kitabu cha elimu ya Wayahudi, kiliwekwa kizimbani Paris. Rabi Yehieli alikitetea, mama mfalme Blanche akiwa amekaa kusikiliza. Miaka miwili baadaye mikokoteni ipatayo 24 ya vitabu ilichomwa hadharani. Kila kitabu kilikuwa kimeandikwa kwa mkono, herufi kwa herufi, miezi na miaka. Mwanafunzi kijana, Meir wa Rothenburg, alitunga shairi la maombolezo akiiuliza Torati iliyochomwa hali ya wanaoililia, na Wayahudi hulisoma katika siku yao ya kufunga hadi sasa. Mwaka 1269 Louis aliwaamuru Wayahudi wa ufalme wake wavae duara la kitambaa kifuani na mgongoni ili watambulike. Mtu yuleyule aliyeshindwa kulala kwa livre 10,000 za Wamamluki.

Wako wanaosema ilikuwa desturi ya wakati wake. Nayo zawadi kwa maofisa ilikuwa desturi ya wakati wake, akaipiga marufuku. Kunyonga wawindaji sungura kulikuwa desturi, akamfunga Enguerrand. Aliweza kuiona desturi na kuikataa. Wayahudi wa Paris walimdai, na katika hesabu yake aliamini kwamba Mungu ndiye anayemdai kuwatesa. Sijui namna ya kumpenda mfalme huyu bila kusema hivyo kila nikimtaja.

Machi 1267 alichukua msalaba tena. Alimwita Joinville waende wote. Joinville akakataa. Alisema: nilipokuwa ng'ambo safari ile, maofisa wako na wa mfalme wa Navarre waliwaharibu watu wangu na kuwafukarisha, na nikitaka kumpendeza Mungu nitabaki hapa niwalinde. Fikirini uzito wa jibu hilo kwa mtu aliyetuma watawa mwaka 1247. Mfalme alikuwa amedhoofika hata kupanda farasi hakuweza. Joinville alimbeba mikononi, kama mtoto, kutoka nyumba moja ya Paris hadi nyingine, wakaagana.

Julai 1270 meli zilitia nanga Tunis. Washairi walikuwa wamemtangulia. Baada ya Mansura, Ibn Matruh wa Misri alitunga beti akimwambia Mfaransa kwamba akitaka kurudi, nyumba ya Ibn Luqman ipo vilevile, pingu zipo, na towashi Sabih yupo. Sasa mshairi wa Tunis akamjibia: ewe Mfaransa, Tunis ni dada wa Misri, nyumba yako ya Ibn Luqman hapa itakuwa kaburi, na walinzi wako Munkar na Nakir, malaika wanaomhoji maiti kaburini.

Maradhi yaliingia kambini kwa joto la kiangazi. Jean Tristan, mtoto aliyezaliwa Damietta, alikufa mapema Agosti, umri miaka 20. Tarehe 25 baba yake alilazwa juu ya kitanda cha majivu, mikono ameikunjua kama msalaba, akakata roho alasiri. Nyama ilitenganishwa na mifupa kwa kuchemshwa, matumbo yakaenda Sicily, mifupa ikarudishwa Saint-Denis, kanisa walikozikwa wafalme wa Ufaransa. Mwaka 1297 Papa Bonifasi wa Nane alimtangaza mtakatifu, na Joinville alikuwa miongoni mwa waliotoa ushahidi.

Joinville alikuwa na kinyongo kimoja, kwamba masalia ya mfalme yaligawanywa na yeye hakupewa. Kisha usiku mmoja akaota. Alimwona mfalme amesimama mbele ya kanisa dogo la nyumbani kwake Joinville, mwenye furaha ya ajabu. Akamwambia: bwana wangu, ukitoka hapa nitakulaza kwenye nyumba yangu ya Chevillon. Mfalme akacheka, akamjibu kwamba, kwa imani yake, hana haraka ya kuondoka hapa. Mzee alipoamka alijenga altare pale aliposimama.